Kizingiti Kilichoondolewa

Bodi ya Chama Kikuu chetu ilipotuagiza tuandike sura ya historia katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, wenzetu wengi walidhani tutaandika habari za ghala, za mizani, na za bei ya korosho. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na wengine katika kurasa zilizotangulia, nao wanazijua kuliko sisi. Sisi tumechagua nyumba moja ya vyumba sita iliyoko mjini Bagamoyo, ambayo si mali ya Chama wala haijapata kuwa. Ndani yake anakaa binti wa mwanachama mwenzetu. Jina lake hatutalitaja, maana yeye mwenyewe alituomba hivyo, akasema kwamba amechoka kuwa habari ya watu.

Msomaji asije akafikiri kwamba kuchanga kwa ajili ya mtu aliyepungukiwa ni jambo lililoletwa Bagamoyo na vyama vya ushirika. Watu wa mwambao huu wamechangiana tangu kale, katika msiba, katika arusi, na mtu anapoezeka nyumba. Tena, mbali na michango hiyo ya majirani, mji wetu uliwahi kuwa na mfadhili mkubwa. Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika jamaa ya Wahindi wa Kikhoja. Alipata mali kwa kuwapatia wenye misafara bidhaa na wapagazi wa kwenda bara. Hata Henry Morton Stanley, alipopita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alifanya biashara naye, na baadaye katika kitabu chake akamlalamikia sana. Walakini mali ile haikukaa sandukuni. Alijenga shule hapa Bagamoyo, akaikabidhi kwa serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba watoto wa asili zote wapokewe. Alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka uleule aliofariki, na jina lake lingali katika jengo moja la Hospitali ya Muhimbili. Watu wenye ukoma aliwakumbuka pia katika sadaka zake, nao wakati ule walikuwa hawana wa kuwakumbuka.

Wamisionari nao walikuwapo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Baadaye, katika nchi nzima, zilikuja shule za watoto wenye ulemavu. Ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 kwa watoto wasioona. Ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963 kwa watoto viziwi. Ya Matumaini, mjini Dar es Salaam, imekuwa chini ya Jeshi la Wokovu kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Na katika mkoa wetu huu wa Pwani, kule Rufiji, kimekuwako kijiji cha Kindwitwi, walikokaa watu wenye ukoma pamoja na jamaa zao.

Hizo zote ni kazi njema, nasi hatumlaumu mtu. Mtoto asiyeona wa mwaka 1950 angempata wapi mwalimu wa nukta nundu kijijini kwao? Lakini tukizitazama pamoja twaona jambo moja. Fedha zilipokwisha kuchangwa, zilijenga nyumba nyingine mahali pengine, na mwenye ulemavu akafungiwa sanduku lake akapelekwa huko. Nyumba aliyozaliwa ilibaki vilevile, na kizingiti chake, na ngazi zake. Mtoto aliporudi likizo alikuta mlango ni uleule uliomshinda.

Sheria zetu nazo zilikwenda njia hiyo kwa muda mrefu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipokataza mtu kuishi kwa jasho la mwenzake, liliwatoa katika katazo hilo watoto wadogo, wazee na vilema, kama walivyoitwa siku zile. Jambo hilo lilikuwa la huruma, ila lilimweka mtu huyo katika hesabu ya wanaolishwa. Baada ya mwaka 1981, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu duniani, Bunge letu lilipitisha mwaka 1982 sheria mbili, moja ya ajira yao na moja ya matunzo yao. Hii ya pili iligawa wajibu wa matunzo kati ya jamaa, serikali za mitaa, serikali kuu na vyama vya hiari. Ndipo mwaka 2009 Tanzania ilipouridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Humo mna habari za haki: haki ya kuishi miongoni mwa watu wengine, na ya kuingia katika majengo wanamoingia watu wengine. Sheria haimtumi fundi nyumbani kwa mtu, hilo twalijua. Lakini hutusaidia wakati wa mabishano, na mabishano hatukuyakosa.

Yalianza katika mwaka wa nne wa Chama chetu. Mwanachama mmoja, mkulima wa korosho, alikuja ofisini kuuliza malipo yake. Alipoinuka kuondoka akashika kiuno. Tukamwuliza kama ni kazi ya shamba. Akasema, "Sivyo, Ndugu Katibu. Ni mwanangu."

Binti huyo alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ni timamu, na kwa hesabu hupita watoto wengi wa rika lake, lakini miguu haimbebi na mkono wa kushoto hautii. Mtoto wa miaka minne hubebwa mgongoni bila neno. Huyu alikuwa ametimia miaka kumi na miwili, uzito wake ukikaribia nusu ya gunia la korosho. Baba alimbeba kutoka kitandani hadi uani, kutoka uani hadi njiani, na jioni akamrudisha. Baba akiwa shambani, mtoto alikaa alipowekwa.

Tulimwuliza kama hana kiti cha magurudumu. Alicho. Alipewa na wafadhili, tena kizuri. Tulipokwenda kuitazama nyumba tulikikuta ukumbini kimetandikwa nguo zilizokunjwa. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa na upana wa sentimita 60, na kiti kina sentimita 64. Mlango wa mbele ulikuwa mpana, lakini ulikuwa na kizingiti kirefu cha kizamani, na mbele yake baraza iliyoinuka sentimita 45 kutoka ardhini. Nje ya baraza ni mchanga mtupu, ambao magurudumu membamba huzama ndani yake. Msomaji wa mwambao huu hahitaji kuelezwa zaidi, maana nyumba hiyo ndiyo yake mwenyewe: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani penye jiko na kisima, na pembeni choo cha shimo cha kuchutama. Wazee wetu walijua kujenga. Hawakuwaza tu habari za mtu asiyeweza kuinua mguu.

Tulirudi ofisini na moyo mzito, na hapo tukafanya kosa la kwanza. Tulipeleka kwenye Mkutano Mkuu pendekezo kwamba kila kilo ya korosho ikatwe shilingi 5 kwa ajili ya nyumba ya mwanachama huyo. Tulidhani jambo ni dogo. Tulisahau tunasema na nani.

Mkulima wa Tanzania anapolisikia neno makato hukumbuka mengi. Vyama vyetu vimekuwako chini ya sheria tangu mwaka 1932, na katika muda huo vimejenga shule, vimenunua magari, vimesomesha watoto wa watu. Vilevile vimekata. Kulikuwa na makato ya ushuru, ya usafiri, ya magunia, na mengine ambayo karani mwenyewe hakujua maana yake. Mwezi wa Mei mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote, ikaweka mamlaka za mazao mahali pake, na watu waliona akiba za miaka mingi zikienda wasikojua. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini imani haikurudi kwa sheria. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kiwangwa aliposimama, mwenye mananasi na mikorosho, tulijua atakalosema kabla hajalisema.

"Ndugu Katibu," alisema, "mtoto twamhurumia. Lakini makato yalianza hivihivi, kwa jambo jema. Mwaka huu ni nyumba, mwakani itakuwa nini?"

Mwingine akauliza kwa nini nyumba ya mmoja, hali kila mmoja ana taabu yake. Swali hilo lilikuwa la haki. Tulijaribu kujibu kwa vitabu. Tukaeleza habari za wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanza duka lao mwaka 1844, ambao hatimaye walitenga sehemu ya ziada yao kwa elimu. Tukaeleza kwamba mwaka 1995, wanaushirika wa dunia walipokutana Manchester, waliongeza msingi wa saba, wa kujali jamii. Watu walitusikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeshawishika.

Aliyeuokoa mkutano ni bibi mmoja wa Mlingotini, ambaye kwa kawaida huja mkutanoni na mkeka wake wa kusuka na hasemi neno. Alisema hivi, nasi tuliandika palepale: "Mimi nimetoa kwenye arusi nyingi na misiba mingi. Hakuna siku alipokuja karani kunikata. Nimetoa mwenyewe, na jina langu likasomwa. Kwa nini hii iwe tofauti?"

Basi azimio likabadilishwa. Makato yakafutwa. Ukafunguliwa mfuko wa hiari, wenye daftari lake peke yake, usiochanganywa na fedha za mazao hata siku moja, na daftari hilo lisomwe kwa sauti katika kila mkutano, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Wajumbe watatu walichaguliwa kulisimamia, na wawili kati yao walikuwa wale waliopinga kwa nguvu zaidi. Shauri hilo la mwisho lilikuwa la mzee wa Kiwangwa, naye akawa mmoja wa hao wawili. Katika miaka yote hatujapata mkaguzi mkali kuliko yeye.

Fedha zilikuja polepole, kama zinavyokuja fedha za watu wasio na fedha. Hesabu kamili iko katika ukurasa wa Mweka Hazina, hatutairudia hapa. Lakini mengine hayaonekani katika hesabu. Mvuvi mmoja wa Kaole, ambaye si mwanachama, alileta thamani ya tenga moja la samaki akakataa stakabadhi, tukambembeleza aipokee kwa ajili ya daftari. Wanawake wa kikundi kimoja cha upatu walikutana, na yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika aliipitisha zamu hiyo iende kwa nyumba ya mtoto, naye akasubiri mzunguko mwingine. Alikuwa amekusudia kununua cherehani. Wengine walitoa minazi iliyokwisha kuzaa ipasuliwe mbao, kwani mikoko hairuhusiwi tena kukatwa ovyo, na mbao za mninga bei yake haishikiki.

Sasa twafika penye kosa la pili, nalo ni letu vilevile. Tulipoona fedha zimetosha kuanza, tulimchukua fundi tukaenda tukapima. Tulipima mlango, tulipima choo, tulipima ukuta. Mtoto alikuwa ameketi palepale akitutazama, wala hakuna kati yetu aliyemwuliza neno. Tukakata shauri kwamba njia ya kiti ipite mlango wa nyuma, kwa sababu ndiko kuliko na choo, na huko nafasi ilikuwapo. Fundi akajenga mteremko wa saruji wenye urefu wa mita mbili.

Mita mbili kwa kimo cha sentimita 45! Leo tunajua, kwa kuwa tuliambiwa na wanaojua, kwamba kila sentimita moja ya kupanda yahitaji sentimita 12 za urefu, yaani kwa kimo kile mita 5 na sentimita 40. Sisi tulijenga kitu kama paa. Siku ya kukijaribu baba alisukuma, kiti kikafika katikati, magurudumu ya mbele yakainuka, kikapinduka kinyumenyume. Baba alimdaka mtoto, yeye mwenyewe akachubuka mikono yote miwili. Katika kumbukumbu za kikao tuliandika kwamba "mteremko haukufaa". Tukiyasoma maneno hayo sasa tunaona haya. Saruji ya mifuko minne ilivunjwa kwa nyundo, na mzee wa Kiwangwa akataka maelezo kwa maandishi. Akayapata.

Ndipo mama mtoto aliposema, kwa upole, kwamba labda tungemwuliza mwenye kiti. Tulimwuliza. Tulitazamia ataomba choo, na choo kwa kweli alikihitaji, mama yake alikuwa amekwisha kulisema hilo. Yeye alisema, "Choo sawa. Lakini mimi nataka nifike barazani mwenyewe, jioni, wenzangu wanapopita. Mlango wa uani nauchoka. Kila kitu changu hupita uani."

Wasomaji wetu wanajua maana ya baraza. Ndipo mtu huonwa na kusalimiwa, na habari za mji hupita hapo. Mtoto asiyefika barazani haonekani kuwa na kwao, ingawa anakaa ndani. Lakini mteremko wa zaidi ya mita tano ukitokea mbele ya nyumba ungeingia katikati ya njia. Hapakuwa na budi ulazwe ubavuni mwa baraza, sambamba na njia, na kwa hivyo nusu ya baraza yenyewe ikatwe. Nusu hiyo ilikuwa na wenyewe. Kwa miaka mingi wazee wa pale walicheza bao juu yake kila baada ya alasiri.

Tulikwenda kwa wazee pamoja na viongozi wa kitongoji, tukiwa tumejiandaa kwa hotuba ndefu. Mkubwa wao alitusikiliza huku akitia kete, akamaliza mkono wake, akasema, "Bao halina miguu. Litahamia mwembeni." Wenzake wawili hawakufurahi, na mmoja hakutusalimu kwa muda wa miezi. Tunaandika hili ili ijulikane kwamba mchango wa nyumba ile haukuwa wa fedha peke yake, na kwamba si wote walitoa kwa moyo mweupe.

Palibaki kizingiti. Fremu ya mlango wa mbele iliwekwa na babu yake mtoto, na bibi yake alikuwa hai akikaa nyumba hiyohiyo. Alisema kwamba juu ya kizingiti kile liliruka jeneza la mumewe, naye hakitaki kiguswe na msumeno. Hatukumlazimisha, wala baba mtoto hakumlazimisha. Kazi ikasimama wiki tatu, saruji ikiwa imefunikwa turubai na mvua za vuli zikianza. Kilichotokea ndani ya nyumba katika wiki hizo si chetu kukisimulia. Siku moja fundi aliitwa na bibi mwenyewe, akaagizwa akitoe kizima bila kukipasua. Alikitoa asubuhi nzima, kwa patasi na subira, na bibi ameketi mbele yake kwenye kiti cha mjukuu wake.

Mengine yalikwenda upesi. Milango miwili ya ndani ilipanuliwa hadi sentimita 90. Choo kiliinuliwa kiti cha kukalia, na vyuma vya kushikia vikapigwa ukutani upande wa kulia, ulio mkono wake mzima. Vijana wa mtaa walimwaga kifusi na kukishindilia juu ya mchanga hadi barabara ya changarawe. Mteremko mpya una urefu wa mita tano na nusu, na ukingo mdogo pembeni ili gurudumu lisichopoke. Siku ya kwanza alipanda peke yake kwa mkono mmoja, akizungukazunguka kidogo kwa sababu mkono mmoja huvuta kiti upande. Ilimchukua muda. Baba alitaka kusukuma, mama akamshika kanzu.

Tangu hapo Mkutano Mkuu umeuacha mfuko ubaki wazi, kwa masharti yaleyale: ni wa hiari, una daftari lake, majina husomwa. Nyumba mbili nyingine zimekwisha kurekebishwa, moja Zinga na moja Kerege, na katika zote mbili tulianza kwa kumwuliza mwenye kiti. Ombi la nne limetushinda mpaka sasa. Ni la mama mmoja wa Kaole mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa. Fedha zipo, fundi yupo, lakini nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba anasema kwamba mlango ukipanuliwa na baraza ikikatwa atakosa mpangaji mwingine. Wajumbe wawili wanashauri mama huyo atafutiwe nyumba nyingine. Mama amekataa, maana jirani zake ndio wanaomwangalia mtoto akiwa sokoni. Tumemwandikia mwenye nyumba barua mara tatu, ya mwisho ikiahidi kwamba Chama kitarudisha mlango kama ulivyokuwa siku mpangaji atakapohama. Kitabu hiki kinakwenda kupigwa chapa na jibu bado halijafika.